Futiresti Iliyopinda

Tuseme ni mwezi wa Aprili, saa tisa alasiri, na mvua ya Kakamega imekwisha kupiga na kupita. Sehemu hii ya magharibi ya Kenya hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoulisha Msitu wa Kakamega na kuistawisha miwa kuanzia Malava hadi Mumias. Lakini ikishalowesha udongo mwekundu wa barabara za vijijini, tairi ya pikipiki hukosa pa kushika. Kijana mmoja wa boda anateremka polepole kuelekea mto Isiukhu, nyuma amefunga gunia la mahindi. Tairi ya nyuma inateleza pembeni. Anatua mguu ili azuie, mguu nao unateleza, na pikipiki inalala chini kwa ubavu wa kulia.

Kijana hajaumia. Haraka anazima injini, kisha anafunga koki ya petroli, kwa sababu pikipiki iliyolala huweza kuvuja mafuta kutoka kwenye kabureta, na sailensa yenye moto iko hapo hapo kando. Anafungua kamba na kulitoa gunia. Anaipa pikipiki mgongo, anachuchumaa, anashika usukani na fremu, anaiinua kwa nguvu za mapaja wala si za kiuno. Taa ni nzima. Vioo ni vizima. Anapanda, anatafuta mahali pa kuweka mguu wa kulia, na mguu haupati kitu pale ulipozoea. Chuma cha kukanyagia kimepinda kwenda juu na kurudi nyuma. Mafundi hukiita futiresti, na leo nataka tukifuate chuma hicho kutoka matopeni hadi kitakaporudi mahali pake.

Msidhani futiresti ni ya kupumzishia mguu tu. Mwendeshaji akifika kwenye mashimo huinuka kidogo kitini, na uzito wake wote huhamia juu ya futiresti mbili. Upande wa kulia, unyayo hukaa juu yake huku vidole vikikanyaga breki ya nyuma. Kushoto, mguu hutegemea hapo ili ubadilishe gia. Ikipanda juu hata kwa upana wa vidole viwili, kifundo cha mguu hukunjika vibaya, na vidole haviikanyagi breki kwa nguvu inayotakiwa. Kwa hiyo kijana wetu ana pikipiki inayowaka, inayoingia gia, yenye taa nzuri, lakini breki yake ya nyuma si ya kutegemewa. Ndiyo maana sikubali mtu akisema futiresti ni kitu kidogo.

Tena zihesabuni vizuri. Pikipiki ya boda ina futiresti nne: mbili za mwendeshaji na mbili za abiria. Sheria ya Kenya nayo inaruhusu abiria mmoja tu. Mtu wa tatu hakutengenezewa pa kuweka miguu, kwa hiyo miguu yake huning'inia karibu na spoku za gurudumu na karibu na sailensa. Asubuhi mkiwaona watoto watatu wamepangwa nyuma ya boda moja wakienda shule, hesabuni futiresti, kisha hesabuni miguu.

Sasa, kwa nini ilipinda? Pikipiki nyingi za boda hapa Kakamega, kama vile Boxer ya Bajaj na zile za TVS, ni za kampuni za India. Zilijaa barabarani hasa baada ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zenye injini ndogo. Kabla ya hapo boda ya huku magharibi ilikuwa baiskeli, na abiria alikaa kwenye kiti kidogo cha sponji nyuma ya mpanda baiskeli. Waulizeni wazazi wenu, watawaeleza.

Katika nyingi ya pikipiki hizi, futiresti za mwendeshaji si vipande viwili. Ni chuma kimoja kilichopita chini ya injini na kufungwa kwa boliti, ncha moja ikitokea kulia na nyingine kushoto. Kila ncha imevikwa mpira ili mguu usiteleze na mtetemo wa injini usiusumbue sana. Chuma hicho ni cha aina inayopinda kabla ya kuvunjika. Lakini juu yake kidogo kuna kifuniko cha injini, nacho kimetengenezwa kwa alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Alumini ya namna hiyo haijui kupinda. Hupasuka.

Pikipiki peke yake ina zaidi ya kilo 100. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mzigo wote huo ulipolala kwa kishindo, ncha ya futiresti ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kugusa ardhi. Ikapinda, na katika kupinda ikaimeza ile nguvu ambayo ingefika kwenye kifuniko cha injini. Kifuniko kikabaki kizima, oili ikabaki ndani. Kwa hiyo futiresti ya kijana wetu haikushindwa na kazi yake. Iliifanya barabara. Kwenye pikipiki za mashindano ya matopeni kuna njia nyingine: futiresti huwekewa bawaba na springi, ikigonga jiwe inajikunja na kurudi yenyewe. Futiresti za abiria za boda pia zina bawaba, ingawa hazina kazi kubwa kama za mbele.

Kijana anaikokota pikipiki hadi steji. Wenzake wanamzunguka. "Lete paipu!" mmoja anaita. Njia yao ni hii: unavisha paipu ndefu ya chuma juu ya futiresti iliyopinda, unashika ncha ya mbali ya paipu, unavuta kwenda chini. Futiresti yenyewe ina urefu wa shibiri moja hivi. Ukiiongezea paipu ya mita moja, nguvu za mkono wako zinakua mara kadhaa. Chuma kitatii, hilo sikatai, na abiria atapakiwa baada ya dakika tano.

Tatizo ni kwamba unavuta kwenye ncha lakini panapoumia zaidi ni kwenye shina, pale futiresti inapoanzia, penye welding au boliti. Paipu ikiwa ndefu, shina linaelemewa zaidi. Na ikiwa chuma hicho kimefungwa kwenye mwili wa injini, basi ile nguvu ambayo futiresti ilikataa kuipitisha wakati wa kuanguka, nyinyi mnaipeleka huko kwa mikono yenu. Nyuzi za boliti zikikwanguka ndani ya alumini, au sehemu hiyo ikipasuka, oili itaanza kudondoka, na kazi ya dakika tano itageuka kuwa kazi ya kufungua injini. Sisemi paipu haifai. Futiresti ikiwa imefunguliwa, ikabanwa kwenye jiliwa, na imepinda kidogo tu, paipu ni chombo kizuri sana. Ubaya ni kuivuta ikiwa bado iko kwenye pikipiki.

Kijana anawashukuru wenzake, anaendelea kukokota hadi mjini, kwa fundi mzee wa jua kali.

"Mulembe, fundi."

"Mulembe, kijana wangu. Umeangukia wapi?"

"Kule mtoni, mzee. Naomba uninyooshee hii haraka, kuna mtu anangoja mahindi yake."

Fundi anachuchumaa, anapitisha kidole kwenye chuma kilichopinda, anakwangua tope kwa ukucha.

"Hii ilishawahi kunyooshwa?"

"Sijui, mzee. Pikipiki niliinunua kwa mtu."

"Basi ngoja tuiangalie kwanza."

Swali hilo la fundi ndilo kiini cha habari yote hii, na ili mlielewe, tafuteni kipande cha waya, ule laini wa kufungia nondo, au wowote mliowahi kutengenezea gari la kuchezea. Ukunjeni, kisha jaribuni kuunyoosha kwa vidole. Tazameni kwa makini: haunyooki kabisa. Pale ulipokunjika panabaki kigongo kidogo, na waya unataka kukunjika pembeni ya kigongo, si pale pale pa mwanzo. Sasa ukunjeni na kuukunjua mahali pamoja, haraka haraka, kisha ugusisheni mdomoni kidogo tu. Pana joto! Endeleeni tena kidogo, waya unakatika. Watoto wa Kakamega hukata waya hivi siku zote wakikosa koleo, na pengine hamjawahi kujiuliza kwa nini.

Ndani ya chuma, chembe zake ndogo mno zimejipanga safu kwa safu, kama wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi. Ukikisukuma chuma kidogo, chembe zinasogea kidogo, na ukikiachia zinarudi. Springi hufanya kazi hivyo. Ukizidisha nguvu, safu nzima zinateleza, na zikishateleza hazirudi. Hapo ndipo tunaposema chuma kimepinda. Mtelezo huo haupiti bila kuacha vurugu. Safu zinakwamana, na sehemu iliyopinda inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo sababu ya kile kigongo kukataa kunyooka. Ugumu huo unaonekana kama faida, lakini umeununua kwa bei mbaya, kwa sababu chuma kimepoteza uwezo wake wa kuteleza tena. Kila unapokipinda na kukinyoosha kikiwa baridi, unakipunguzia uwezo huo. Ukiisha wote, safu haziwezi kuteleza, na kilichobaki ni kuachana.

Kwa hiyo futiresti iliyopinda mara moja inaweza kunyooshwa na kutumika miaka. Iliyonyooshwa ikiwa baridi tena na tena haifai, hata kama kwa macho imenyooka kama mpya. Na haitakatika pikipiki ikiwa imeegeshwa. Itakatika siku mwendeshaji ameinuka kwenye shimo, ameweka uzito wake wote juu yake, na huku yuko mwendo.

Fundi anaiweka pikipiki kwenye stendi ya kati na kungoja sailensa ipoe. Wengi wenu mmeona makovu ya sailensa kwenye mashavu ya miguu ya watu, basi hata fundi mkongwe hana haraka nayo. Anatia oili kidogo kwenye boliti zilizoshika kutu, anazifungua, anautoa mpira, na chuma chote kinashuka mkononi mwake. Anakisugua kwa brashi ya waya hadi tope na rangi iliyobanduka vitoke.

Kisha anafanya jambo ambalo hata nyinyi mnaweza kulifanya mkiwa na mtu mzima. Anakipaka chuma mafuta ya taa, hasa pale shinani, anaacha muda kidogo, anapangusa kwa kitambaa mpaka kikauke kabisa. Halafu anachukua chaki, chaki ile ile ya darasani, anaisaga na kuipaka unga wake juu ya chuma. Kama kuna ufa, hata ule mwembamba usioonekana kwa macho, mafuta ya taa yatakuwa yamejificha ndani yake, nayo yatapanda polepole na kuchora mstari mweusi kwenye unga mweupe. Mafundi wa reli katika nchi nyingi walikagua ekseli za mabehewa kwa njia ya namna hii, kwa mafuta na unga mweupe, miaka mingi kabla ya mashine za kupima nyufa. Ni chaki na mafuta ya taa tu, vitu vya duka la kijijini, lakini vinaweza kuokoa mguu wa mtu.

Fundi na kijana wanainama pamoja, wanatazama. Unga umebaki mweupe. Zaidi ya hapo, rangi ya kiwandani bado ipo upande wa ndani, hakuna alama ya nyundo ya zamani wala ya moto.

"Haijawahi kuguswa," fundi anasema. "Hii tutainyoosha."

Na atainyoosha kwa moto. Moto hufanya kazi mbili. Kwanza unalainisha chuma kipinde bila kupigana. Pili, na hii ndiyo kubwa, chuma kikipata joto la kutosha, zile safu zilizokwamana hujipanga upya, na ugumu mbaya unaondoka. Chuma kinapata nafasi ya kuanza tena.

Makaa yako kwenye karai, chini yake kuna feni inayopuliza hewa. Mafundi wengi huizungusha kwa gurudumu la baiskeli kuukuu na mkanda wa mpira. Mpira wa futiresti ulishatolewa mapema, maana ukiungua hutoa moshi mchafu. Vivyo hivyo fundi mwangalifu hatii motoni chuma kilichopakwa zinki, kama mabati au paipu za maji, kwa sababu moshi wake humfanya mtu augue. Sehemu iliyopinda tu ndiyo inayozikwa kwenye makaa. Hapo fundi anaangalia rangi. Chuma kikianza kuwa chekundu hafifu, bado. Kikiwa chekundu kama cheri iliyoiva, kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi hivi, ndipo. Kikielekea rangi ya chungwa na njano, kimepita kiasi kwa kazi hii. Chuma safi hakiyeyuki hadi nyuzi 1,538, lakini kinaweza kuharibika mapema kuliko hapo.

Rangi hizo zina adui mmoja, naye ni jua. Chuma chekundu kikiwekwa juani saa saba mchana huonekana cheusi kama cha baridi, na mtu anaweza kukishika akaungua vibaya, au akakichoma kupita kiasi bila kujua. Kwa hiyo mhunzi anahitaji kivuli ili aone anachokifanya, si kwa raha yake tu. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifua chuma juani, akaahidi kuwajengea vibanda, na vibanda vya jua kali vikajengwa pale na katika miji mingine. Watu wengi huiona habari ile kama ya siasa. Mimi naiona pia kama habari ya macho ya fundi. Bati moja juu ya kichwa chake humfanya asome joto la chuma kwa usahihi, na kazi yake ikawa bora siku ile ile. Nchi yenye mafundi wengi namna hii ingepaswa kuwa na vivuli zaidi.

Elimu hii ya rangi na moto haikuja na pikipiki. Magharibi mwa hapa, katika vilima vya Samia vilivyo karibu na Ziwa Viktoria, Abasamia waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto kwa vizazi vingi kabla ya ukoloni. Walifua majembe, mikuki na visu, na majembe yao yalisafirishwa na kuuzwa mbali katika nchi ya Waluhya na kwa majirani zao. Yalitolewa hata mahari. Mzee wa Samia aliyetazama tanuri lake hakuwa na kipimajoto. Alijua rangi. Majembe ya viwandani yalipofurika wakati wa ukoloni, matanuri yale yalizimika, lakini fundi wetu wa Kakamega akikodoa macho kwenye karai lake, anatumia ujuzi ule ule. Nasikitika kila ninapoona Abasamia wametajwa kwa sentensi moja tu na kuachwa.

Chuma kimekuwa chekundu. Fundi anakitoa kwa koleo, anabana upande mzima kwenye jiliwa, anavuta upande uliopinda taratibu, mvuto mmoja mrefu. Hapigi nyundo ovyo. Rangi inafifia, naye anaacha mara moja na kukirudisha motoni. Kijana anashangaa.

"Mbona umeacha, mzee? Bado kilikuwa cha moto."

"Cha moto, ndiyo, lakini si moto wake."

Hapo fundi ana haki kabisa, na wataalamu wa metali wangekubaliana naye. Kati ya nyuzi 200 na 350 hivi, kiwango cha joto ambacho ndani yake chuma kilichosuguliwa kikang'aa hufikia rangi ya buluu, chuma cha kawaida huwa chepesi kuvunjika kuliko hata kikiwa baridi. Ukikipinda katika joto hilo, unaweza kukiachia nyufa. Ama chekundu, ama kipoe kabisa, katikati hapana.

Baada ya kurudi motoni mara ya pili, futiresti imekaa sawa. Sasa kijana anachukua ndoo ya maji ili aipoze, na fundi anamzuia. Chuma kikali, cha aina ya visu na springi, kikimwagiwa maji kikiwa chekundu huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Futiresti nyingi si za chuma kikali kiasi hicho, lakini fundi hawezi kujua kwa hakika kilichomo ndani ya kila chuma kinacholetwa kwake, basi anachagua njia isiyo na hatari. Anakilaza kwenye majivu makavu na kukiacha kipoe chenyewe.

Wakati kinapoa, niwaambie jambo kuhusu metali nyingine, kwa sababu kosa la kuzichanganya ni kubwa. Pikipiki kadhaa, hasa za bei ghali, zina futiresti au vishikizo vya alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na kabla ya hapo haibadiliki kuwa nyekundu. Fundi akiingoja ionyeshe rangi kama chuma, ataona ghafla imeporomoka ndani ya makaa. Njia rahisi ya kuitambua ni sumaku: chuma hushikwa, alumini haishikwi. Ya alumini ikipinda vibaya, nunua nyingine. Na kwa kuwa tuko Kakamega, najua kuna atakayeuliza kuhusu dhahabu, ile iliyowaleta wachimbaji wengi hapa miaka ya 1930 na kuufanya mgodi wa Rosterman ujulikane. Dhahabu ni nzito zaidi ya mara mbili ya chuma na ni laini mno. Futiresti ya dhahabu ingepinda siku ya kwanza mtu mzima akisimama juu yake. Kwa kazi hii chuma cha kawaida kinaishinda dhahabu mbali.

Kikishapoa, fundi anakilaza juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, analinganisha ncha ya kulia na ya kushoto, anapima kwa uzi kutoka katikati. Macho peke yake hudanganya. Tofauti ndogo ikibaki anairekebisha kwa nyundo juu ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe. Halafu anageukia kitu ambacho kijana hakukiona: kanyagio la breki ya nyuma nalo lilisukumwa kuelekea injini. Kwa kuanguka kulia, breki ndiyo huumia. Kwa kuanguka kushoto, ni kanyagio la gia, ambalo huweza kubana kwenye kifuniko cha injini na kuifanya gia ikatae kurudi. Analinyoosha, anahakikisha linashuka na kupanda bila kugusa futiresti wala sailensa, na linapokanyagwa lina mchezo wa sentimita mbili au tatu hivi kabla breki haijashika.

Anapaka chuma rangi ili kutu isianze pale moto ulipobandua ile ya zamani. Anarudisha boliti zote kwa mkono kwanza, ndipo anazikaza kwa spana, moja kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo, ili chuma kikae sawa. Anavisha mpira. Kisha anapanda mwenyewe, anasimama juu ya futiresti zote mbili na kujirusha juu chini, akisikiliza. Kijana anaizungusha pikipiki polepole uani na kujaribu breki kabla ya kugusa lami.

Je, kama ule unga wa chaki ungechora mstari mweusi? Hapo fundi mwaminifu angesema: kanunue nyingine. Kuna wanaopitisha welding juu ya ufa, juu ya rangi na kutu, na kwa nje panaonekana pamefura vizuri. Ndani ufa bado upo. Ukilazimika kuunga, ufa huchimbwa wote hadi mwisho wake, chuma husafishwa, ndipo hujazwa, na chuma huwa kimefunguliwa kutoka kwenye pikipiki. Kisipofunguka, angalau waya wa betri uchomolewe ili umeme wa welding usichome vyombo. Lakini kwa shina la futiresti, penye uzito wote wa mtu, mimi nasema spea mpya ndiyo jibu.

Nanyi wasomaji wangu, mkitembelea vibanda vya jua kali, nendeni mkatazame, mkaulize, mafundi wengi wanapenda kuulizwa. Simameni mbali na makaa, na msiuangalie mwanga wa welding hata kwa sekunde chache bila miwani yake, maana unachoma macho na maumivu yake huja usiku. Na kabla ya kupanda boda, tupieni macho pale mtakapoweka miguu. Futiresti ikining'inia, ikiwa imekosa mpira au imepinda, mwambieni mwendeshaji kwa heshima, "Kaka, hii inahitaji fundi," kisha mtafute boda nyingine, hata kama kengele ya shule imeshalia.